Msimu wa maembe Tabora: Chatne ya bibi na hofu ya mama

Anayeshuka kwenye treni Tabora mwezi Desemba hahitaji kuuliza huu ni msimu gani. Harufu inamwambia. Ni harufu ya maembe yaliyoiva, mengine yamepasuka, mengine yameanza kuchacha chini ya miti, imechanganyika na harufu ya udongo ulionyeshewa usiku. Watoto wanasimama chini ya madirisha ya mabehewa wakiwa wameinua ndoo ndogo na mabeseni. Abiria wanaoendelea Kigoma au Mwanza wananunua bila kuvutana sana, maana bei yenyewe haina cha kuvutania.

Miembe iko kila mahali mjini hapa. Iko kandokando ya barabara za zamani, kwenye viwanja vya shule, nyuma ya nyumba za Isevya, Ng'ambo na Gongoni. Mingine ni minene kiasi kwamba watu wawili wakishikana mikono hawaizungushi. Ukimuuliza mwenyeji nani aliipanda, atakwambia aliikuta, na baba yake naye aliikuta.

Jibu liko kwenye historia ya mji. Katika karne ya 19 Tabora, ambayo wageni wa wakati ule waliiita Kazeh, ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani walipanda miembe walikokaa, wapate kivuli na matunda, na wapagazi waliokula njiani walitupa kokwa. Ndiyo maana hadi leo, ukifuata njia ya zamani ya misafara, unakutana na miembe. Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872. Mwaka mmoja kabla, Stanley alikuwa amemkuta Ujiji, na kwa masimulizi ya huko walikutana chini ya mwembe. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, miti hii ilikuwa tayari mikubwa.

Kwa hiyo Tabora ina maembe kwa urithi. Shida yake ni kwamba yote huja kwa pamoja.

Kuna wiki chache ambazo embe halina thamani yoyote. Wanaofagia uani asubuhi wanayakusanya kwa koleo. Mbuzi wanayachoka. Baada ya hapo mvua zinaendelea, miti inabaki na majani matupu, na ikifika Machi mtoto anayetaka tunda anapewa pesa akanunue ndizi sokoni. Mji uliokuwa ukikanyaga maembe unakaa miezi tisa ukiyasubiri.

Katika nyumba moja ya Isevya, nyumba ya matofali yenye ua mpana na mwembe mmoja wa kale, maembe yalipita misimu miwili bila mtu wa nyumbani kuyagusa. Yalianguka, yakazolewa, yakatupwa. Sababu ilikuwa mtoto.

Usiku ule

Mtoto huyo wa kiume alikuwa na miaka mitatu. Leo ana mitano, anasoma chekechea na hakumbuki lolote. Mama yake anakumbuka kila saa ya usiku ule. Jioni mtoto alikula maembe mawili uani pamoja na wenzake. Usiku wa manane akaanza kuharisha maji, kisha kutapika. Jirani aliyeitwa kusaidia, mwanamke mtu mzima mwenye nia njema, alishauri asipewe maji, kwa hoja kwamba kila akinywa anayatoa. Mama akatii. Kulipopambazuka macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na alipolia hapakuwa na machozi.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpa maji ya chumvichumvi ya ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya dakika chache. Akitapika, walisubiri kidogo wakaendelea. Baada ya saa kadhaa alikojoa, na muuguzi akamwambia mama kwamba hiyo ndiyo habari njema waliyokuwa wakiisubiri.

Kisha ukaja mlolongo wa maswali. Maembe yalioshwa? Yalioshwa, mama akajibu. Kwa maji gani? Ya ndoo ya uani. Ndoo ilijazwa wapi? Kwenye kisima kifupi cha nyuma ya nyumba, kile cha kufulia na kumwagilia. Choo kiko umbali gani na kisima hicho? Hapo mama akanyamaza.

Kila mwaka mvua zinapoanza husikika maneno yale yale, Tabora na kwingineko: maembe yanaleta kipindupindu. Ni rahisi kuona yanakotoka. Maembe na mvua huja pamoja, na mvua hizo ndizo zinazosomba uchafu wa vyoo na kuuingiza kwenye visima vifupi na madimbwi. Nzi huongezeka kwa ajili ya maembe yanayooza. Mtoto anaokota embe chini, analifuta kwenye shati, analing'ata kwa meno kuanzia ganda. Kimelea cha kipindupindu, kama vilivyo vingi vya kuharisha, hutoka kwenye kinyesi cha mtu mgonjwa na kufika kinywani mwa mwingine kwa maji, mikono, nzi au chakula. Embe ni chombo tu kilichobeba, kama kikombe kichafu kingebeba. Ni kweli mtoto akila maembe mengi kwa mkupuo anaweza kulainika tumbo kwa sababu ya sukari na nyuzinyuzi zake, lakini hilo hupita lenyewe. Halimkaushi mtoto mwili mzima kwa usiku mmoja.

Mama alisikia maelezo hayo yote, akayakubali, na bado akapiga marufuku maembe. Nani angemlaumu? Mtu aliyemwona mwanawe akilia bila machozi hapati nafuu kwa somo la dakika kumi.

Bibi na kisu

Aliyeumia kwa marufuku hiyo alikuwa bibi, mama wa baba wa mtoto, mwenye umri unaopita miaka 70. Huyu ndiye alikuwa mpishi wa chatne ya nyumba. Kila Novemba, kabla maembe hayajaiva, alikuwa akipika sufuria moja kubwa, na chupa zake zilifika Nzega, Mwanza na Dar es Salaam mikononi mwa wasafiri.

Alijifunza akiwa msichana, jirani na soko, kutoka kwa familia ya wenye duka Wahindi waliokuwa wakipika nyuma ya duka lao. Alikuwa akitumwa kuwapelekea maziwa, anakaa kwenye kizingiti, anatazama. Hakuandikiwa chochote. Neno chatne lenyewe limekuja na watu hao: ni chatni ya Kihindi, linalotokana na kitenzi cha kulamba. Achari nayo ni neno la njia hiyo hiyo ya bahari, linapatikana Uajemi na India.

Lakini si kweli kwamba watu wa upande huu wa Afrika walisubiri maduka ya Wahindi ndipo wakajua kuhifadhi embe. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wenye samli na vitoweo vya pembeni, na miongoni mwake akaandika habari za malimau, pilipili, tangawizi na maembe. Alieleza kwamba embe likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, na kabla ya kuiva ni chachu kama limau, kwa hiyo hutiwa kwenye siki. Ni karibu miaka 700 iliyopita, na ni maelezo ambayo bibi wa Isevya asingeyabadilisha neno.

Mwaka huu bibi alishinda. Alisubiri mwanzoni mwa Novemba, akamwita mkwewe akiwa amekaa kwenye mkeka chini ya mwembe.

"Mwanangu, mikono yangu haishiki kisu tena. Wewe menya, mimi nitakuelekeza."

"Mama, unajua mimi na maembe."

"Najua. Ndiyo maana haya tutayachemsha."

Mkwe hakuwa na la kujibu. Mtu anayeogopa vijidudu hawezi kupingana na sufuria inayochemka saa nzima.

Embe la kuchagua

Sheria ya kwanza ya bibi ni kwamba embe la chatne huchumwa, haliokotwi. Lililoanguka lina jeraha hata kama halionekani, na jeraha ni mlango. Sheria ya pili ni kwamba liwe limekomaa lakini bado gumu: ganda la kijani, nyama nyeupe inayoelekea manjano karibu na kokwa, na linapokatwa kisu kisikike. Embe changa sana huwa chungu na lina maji. Embe lililoiva huyeyuka likawa jamu.

Kuchuma mapema kuna faida nyingine ambayo wenye miembe wameijua kwa machungu. Mwaka 2003 aligunduliwa Kenya nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, na muda si mrefu akaonekana Tanzania pia. Jike hutoboa ganda la embe linaloelekea kuiva na kutaga ndani. Kwa nje embe linaonekana zima, ukilipasua unakuta funza. Katika misimu mibaya ni kazi kupata embe bivu lisilo na mgeni. Embe gumu la kijani kwa kawaida huwa bado hajalifikia.

Kijana wa nyumba ya pili alipanda mti akiwa na kapu na kamba, akachuma kama 40 ya yale ya kienyeji, madogo, yenye nyuzi. Bibi anayapenda hayo kuliko dodo kwa sababu ni machachu. Mtoto akakatazwa kusimama chini. Yalipofika mkekani yaliachwa kwanza yachuruzike utomvu wa kwenye kikonyo. Utomvu huo si wa kupuuza. Mwembe na mkorosho ni ndugu wa ukoo mmoja, na wote wawili wana utomvu unaounguza ngozi ya baadhi ya watu. Mtoto anayetokewa na vipele kuzunguka mdomo msimu wa maembe mara nyingi hana ugonjwa wa kuambukiza. Amemenya embe kwa meno na utomvu umemgusa. Akimenyewa na kuoshwa uso, vipele huisha.

Kisha zikaja ndoo mbili za maji, na hapo mama akachukua usukani. Maji ya bomba. Bomba la Ziwa Victoria limeshafika Tabora, ingawa wapo wanaoendelea kununua maji kwa dumu au kuchota visimani. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kusugua maganda, ya pili ya kusuuza, na baada ya hapo mikono kwa sabuni. Mtoto naye akaoshwa mikono ingawa kazi yake ilikuwa kutazama tu. Bibi alitabasamu, hakusema kitu.

Chumvi ya zamani

Kuna jambo bibi hakulitaja mpaka alipoulizwa. Zamani alikuwa akitengeneza vyote viwili, chatne na achari. Achari yake ndiyo aliyoipenda zaidi mwenyewe: vipande vya embe na ganda lake, chumvi nyingi, pilipili, bizari na mafuta, vinaanikwa juani siku kadhaa ndani ya chupa. Alikula kwa kila ugali, mchana na usiku, kwa miaka.

Miaka minne iliyopita alipimwa presha kwenye zahanati, akaambiwa iko juu. Aliulizwa anatumia chumvi kiasi gani akajibu kidogo sana, kwa sababu mboga zake kweli hazikuwa na chumvi nyingi. Hakuna aliyemuuliza habari za achari, naye hakuona kwamba achari ni chumvi. Mkwe ndiye aliyeigundua, siku aliyokuwa akisoma kijikaratasi cha ushauri huku bibi anachovya tonge.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kilicholingana, na hiyo ni pamoja na chumvi iliyomo ndani ya mkate, mchuzi wa kutengenezwa dukani na kila kinachowekwa pembeni ya sahani. Kwenye achari, chumvi ndiyo inayohifadhi. Ukiipunguza, inaoza. Kwenye chatne kazi hiyo hufanywa na uchachu na sukari, chumvi ni ladha tu. Ndiyo maana chatne ilibaki nyumbani na achari ikaondoka. Chupa moja ya achari bado iko juu ya kabati la bibi. Anasema ni ya wageni.

Jikoni

Vipimo vya bibi ni vya bakuli na viganja. Mkwe alipima kila kitu kwa mzani wa kuazima dukani kabla hakijaingia sufuriani, akaandika kwenye daftari la shule. Kwa kilo mbili za embe lililomenywa na kukatwa vipande vidogo, iliingia robo tatu ya kilo ya sukari na robo kilo ya asali, nusu lita ya siki, gramu 100 za tangawizi mbichi iliyotwangwa, vichwa viwili vya vitunguu saumu, kikombe kimoja cha zabibu kavu, pilipili sita zilizokaushwa, kipande cha mdalasini, karafuu sita, hiliki kiganjani na kijiko kimoja kikubwa cha chumvi. Asali ni mkono wa Tabora katika kitu cha Kihindi. Mkoa huu ni wa misitu ya miombo na mizinga, na bibi haoni kwa nini utamu wote ununuliwe dukani.

Sufuria iliazimwa pia. Sufuria nyepesi za alumini, zile za kila nyumba, haziivani na siki: uchachu huzila, chatne inapata ladha ya chuma na rangi ya kijivu. Ya stili ni bora, au ya bati lililopakwa rangi kama halijabanduka ndani. Mwiko uwe wa mbao, mrefu, kwa sababu chatne ikikaribia kuwa nzito hurukaruka na matone yake huunguza kuliko maji ya moto. Mtoto akahamishiwa barazani.

Siki na sukari zilitangulia mpaka sukari ikayeyuka. Embe likafuata, kisha viungo. Asali iliingia mwishoni, kwani ikichemka muda mrefu harufu yake inapotea na kazi yake inabaki ya sukari tu. Moto wa mkaa ulipunguzwa kwa majivu. Saa ya kwanza hakuna kinachoonekana kutokea, ni supu ya manjano yenye vipande. Harufu ya siki inachoma macho na majirani wanajua kuna nini. Halafu, bila onyo, rangi inageuka. Inakuwa ya dhahabu, kisha ya kahawia kidogo, na vipande vinakuwa kama vioo.

"Sasa pitisha mwiko chini," bibi alisema.

Mkwe akapitisha. Njia ilibaki wazi kwenye sakafu ya sufuria, ikajifunga polepole. Hiyo ndiyo dalili. Ikijifunga haraka, bado. Isipojifunga kabisa, umechelewa na ikipoa itakuwa gundi.

Palitokea ubishi mmoja tu. Mkwe alionja katikati ya mapishi, akaona siki ni kali, akataka kuongeza maji. Bibi alimzuia kwa kujua tu kwamba "itakuja juu", yaani itaota ukungu. Alikuwa na haki kuliko alivyoweza kueleza. Siki ya dukani yenye asidi asilimia 5, pamoja na uchachu wa embe bichi, ndivyo vinavyoifanya chupa isikalike na vijidudu, wakiwemo wale wanaotoa sumu hatari ndani ya vyakula vilivyofungwa bila hewa. Anayepunguza siki ili watoto wapende anapunguza kinga. Kama ni kali, dawa yake ni kusubiri: baada ya wiki tatu au nne chupani ukali hutulia wenyewe.

Chupa

Hapa ndipo chatne nyingi za nyumbani huharibikia. Mtu anapika vizuri kwa saa mbili, kisha anamimina kwenye kopo la plastiki lililokuwa na siagi, au chupa iliyosuuzwa kwa maji ya kisima na kufutwa kwa kitambaa cha vyombo. Ndiyo njia ile ile iliyomlaza mtoto wa nyumba hii, sasa imevaa mfuniko.

Mama wa Isevya alikuwa ameweka akiba ya chupa za vioo za jamu na siagi ya karanga tangu Agosti. Zilizokuwa na nyufa au mifuniko yenye kutu alizitupa. Zilizobaki alizichemsha dakika kumi ndani ya maji yaliyozifunika, pamoja na mifuniko, akazitoa kwa koleo na kuziinamisha juu ya kitambaa kilichopigwa pasi. Hakuzifuta ndani. Chatne ikaingia ikiwa bado ya moto sana kwenye chupa ambazo nazo bado zina moto. Kioo cha baridi kikipokea chatne ya moto kinapasuka, na hilo lilishawahi kumtokea bibi, sakafu ikanata wiki nzima. Kingo za midomo zikafutwa, mifuniko ikafungwa, kila moja ikabandikwa karatasi yenye tarehe.

Zilipatikana chupa sita zilizojaa na ya saba nusu.

Chupa iliyofungwa hivyo, ikikaa mahali pakavu pasipo jua, hufika msimu unaofuata. Ikifunguliwa, kama kuna friji iingie huko, na kama hakuna ifunguliwe chupa ndogo inayoisha kwa siku chache. Kijiko kiwe kikavu na safi kila mara, kisiwe kile kilichotoka mdomoni. Ukionekana ukungu juu, usiukwangue ukala kilichobaki. Chupa nzima itupwe, hata kama roho inauma. Hali kadhalika kama mfuniko umevimba au ukifunguliwa inatoa povu.

Sahani ya mtoto

Mzazi asidanganyike kwamba amempa mtoto tunda. Katika chatne hii, kijiko kimoja kikubwa, karibu gramu 20, kina sukari na asali zilizoongezwa zinazofika gramu 7 hivi za sukari, ambayo ni karibu vijiko viwili vya chai. Chumvi yake haifiki hata robo ya gramu, kwa hiyo bibi yuko salama upande huo, lakini mwenye kisukari ana hesabu nyingine. Vitamini C iliyokuwa nyingi kwenye embe bichi imepungua sana kwa moto. Chatne ni ya kuchangamsha ugali na maharage, kijiko kidogo pembeni. Haichukui nafasi ya embe bivu, ambalo rangi yake ya manjano ni malighafi ya vitamini A, ile ile ambayo watoto wa miezi 6 hadi miaka mitano hupewa kwa matone mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba matone ya Desemba hutolewa wakati vitamini hiyo inaozea chini ya miti.

Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa chatne yenye asali. Asali inaweza kubeba mbegu za kimelea ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, na kuchemka kwa sufuria ya nyumbani hakuziui. Hilo bibi hakulijua. Aliposikia alishtuka, kwani watoto wake wote walilambishwa asali siku ya kwanza. Kisha akauliza, kwa haki, kwa nini hakuna aliyemwambia miaka yote hiyo.

Na kama mtoto ataharisha msimu huu, kwa embe au kwa kingine, anywe. Aendelee kunyonya kama ananyonya, aendelee kula. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji safi. Pasipo pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyolinganishwa, kwa lita hiyo hiyo, huku safari ya kituo cha afya ikiandaliwa. Huko atapewa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, na viishe vyote hata kama kuharisha kumekoma siku ya pili. Kilio kisicho na machozi, macho yaliyoingia ndani, damu kwenye choo, au mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa: hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Ile chupa ya saba iliyojaa nusu haikuhifadhiwa. Iliwekwa mezani jioni hiyo hiyo pamoja na wali na maharage ya nazi. Bibi alikula kijiko kimoja akasema tangawizi imezidi. Baba wa mtoto, aliyerudi kutoka kazini na kukuta harufu ambayo alikuwa ameisahau, alikula vitatu bila kusema kitu.

Mtoto alionja kwa ncha ya kijiko, akakunja uso kwa pilipili, akaomba maji. Kisha akauliza kama yale mengine, ya juu ya mti, yakiiva atapewa.

Mama alitazama mwembe uliokuwa umeingia giza.

"Utamenyewa," alisema. "Na mimi ndiye nitakayeyaosha."

Chupa ya kwanza iliondoka Jumamosi na abiria wa Mwanza, imefungwa kwenye gazeti na kuwekwa katikati ya khanga mbili.